Buibui la shangazi, buibui wa uani

Nyuma ya nyumba yetu, Bigwa mjini Morogoro, kuna buibui jeusi lililochakaa pindo. Limetundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo wiki nzima, wala halikufuliwa. Majirani wameshazoea, hawaulizi tena. Mgeni akiuliza humjibu ukweli wenyewe: nimelitundika ili nimpige picha buibui.

Kiswahili kimevipa vitu hivi viwili jina moja, kisha kikavitenga kwa upatanisho tu. Buibui huyu ana miguu minane na uzi tumboni. Buibui hili ni vazi la heshima la wanawake wa pwani, na lile la uani kwangu alilivaa shangazi yangu wa Pangani, arusini na matangani, mpaka kitambaa kikafifia mabegani. Sasa limepata kazi ya pili, na kwa kazi hiyo nimejifunza kuona kitu ambacho nilikuwa nikikipiga ufagio kila Jumamosi tangu nilipoweza kushika ufagio.

Habari yenyewe ilianza asubuhi moja ya Juni. Masika yalikuwa yamekwisha, Uluguru umejitanda ukungu, na majani ya mchaichai yamelowa umande. Kati ya mlimao na nguzo ya kamba palikuwa na utando mkubwa wa duara, kila uzi umebeba matone yake. Nikatoa simu, nikapiga picha kumi, kumi na tano. Zote zilitoka vilevile: ukuta wa jirani unaonekana safi, tofali kwa tofali, na mbele yake kuna doa la ukungu lisiloeleweka. Kamera ya simu hutafuta kitu kikubwa cha kushika. Uzi mwembamba kuliko unywele haiuoni. Huupita katikati, ikaenda kuushika ukuta.

Shangazi, aliyekuja kututembelea, alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Unamtafuta nani hapo, mwanangu?"

"Buibui, shangazi. Simu inaona ukuta, utando haiuoni."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na buibui lake kuukuu. Hakusema neno. Akazunguka nyuma ya mlimao, akalitandaza kwa mikono miwili hatua moja nyuma ya utando, asiuguse, akasimama pale kama mtu anayemshikia bibi harusi pazia. "Haya, jaribu sasa."

Nikajaribu. Utando ukatokea wote kwenye kioo cha simu, mstari kwa mstari, mfano wa chaki kwenye ubao. Nilihesabu mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni: ishirini na saba. Kati ya mstari na mstari uzi wa mzunguko ulipita kwa mpangilio ambao fundi mwenye rula angeuonea wivu. Na pale kitovuni, kichwa kikielekea chini, alikuwapo mwenyewe, kahawia, ametulia, miguu yake minane imewekwa kila mmoja juu ya uzi wake.

Jambo lenyewe ni jepesi. Jua la asubuhi hutoka ubavuni na kuupiga uzi, kitambaa cheusi cha nyuma hunyonya mwanga na hakirudishi kitu, na kamera haina kingine cha kukimbilia isipokuwa uzi. Wapiga picha wa kulipwa hununua vitambaa maalumu kwa kazi hii. Mimi nina buibui la Pangani.

Baadaye, tukinywa chai, nilimuuliza shangazi mbona hakuniambia kama wengine nikatoe hizo takataka. Yeye amelelewa katika nyumba ambayo buibui hauawi. Utando ukizidi huondolewa kwa upole, lakini mwenyewe huachwa aende zake. Sababu yake Mwislamu yeyote wa pwani ameisikia kwa babu au kwa mwalimu wa chuoni. Inasimuliwa kwamba mwaka 622, Mtume alipohama Makka na swahiba wake Abubakari, walijificha katika pango la Thaur, na buibui akatanda mlangoni. Waliowafuata wakafika, wakaona utando mzima haujavunjwa, wakasema humu hajaingia mtu. "Kiumbe aliyefanya kazi ile," akasema shangazi, "mimi nitamkanyagaje?"

Akaongeza jambo ambalo limenikaa kichwani. Kurani ina sura nzima yenye jina la buibui, Al-Ankabut, sura ya 29, na humo nyumba ya buibui imetajwa kuwa ndiyo dhaifu kuliko nyumba zote. Nilipoanza kumchunguza buibui nilikutana na upande wa pili wa habari hiyo. Nyumba ni dhaifu, ni kweli, upepo au ufagio huimaliza mara moja. Lakini uzi wenyewe, ukilinganisha kwa uzito, una nguvu kuliko chuma cha pua, na hunyumbuka kabla haujakatika. Buibui mmoja wa Madagaska aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2010 kwa jina la Caerostris darwini hutanda kukatisha mto, na uzi wake wa kushikilia umepimwa ukifika mita 25 kutoka ukingo hadi ukingo. Mvuvi anayejua nyavu atanielewa: jarife likichanika, huwezi kusema uzi wake ni mbovu.

Kisiwa hichohicho kimetoa ushahidi ninaoupenda kuliko vipimo vyote vya maabara. Simon Peers, Mwingereza aliyeishi huko, na Nicholas Godley wa Marekani, waliamua kufuma nguo kwa uzi wa buibui wa dhahabu. Walitumia kifaa cha mkono kinachovuta uzi wa buibui 24 kwa mara moja, kwa mfano wa kile kilichojaribiwa kisiwani humo mwishoni mwa karne ya 19. Watu walitoka asubuhi kuwakusanya buibui wa kike, wakavutwa uzi, kisha wakarudishwa walikotoka. Kitambaa cha kwanza kilioneshwa New York mwaka 2009 katika makumbusho ya historia asilia. Mwaka 2012 likafuata joho, lililooneshwa London katika makumbusho ya Victoria and Albert. Buibui waliotoa uzi wa joho hilo walikuwa zaidi ya milioni moja. Halikutiwa rangi hata tone. Manjano ile inayong'aa kama dhahabu ya Kihindi ndiyo rangi ya uzi unavyotoka tumboni.

Ndugu wa buibui hao tunao. Jamii yao, Trichonephila, imeenea Afrika Mashariki, na ukipita njia za vichakani kuelekea milimani baada ya mvua utakutana na tando zao zimekatiza njia, pana kuliko sinia la biriani. Simama upande ambao jua liko mbele yako uangalie. Uzi wenyewe ni wa manjano. Jike ni mkubwa, na pembeni ya utando wake utamkuta dume, kadogo mno kiasi kwamba nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni mtoto wake. Tazama tena kwa makini zaidi, pande za juu za utando, na huenda ukaona vitone vya fedha vinavyotembea. Hao ni buibui wengine, wadogo, jamii ya Argyrodes. Hawatandi nyavu zao za kuwindia. Huishi kwenye utando wa mwenye nyumba na kula vidudu vidogo ambavyo yeye havimshughulishi, na mara nyingine humwibia hata chakula alichokwisha kukifunga. Utando mmoja, kwa hiyo, unaweza kuwa na mwenye nyumba, mume, na wapangaji wasiolipa kodi.

Lakini nirudi kwenye mlimao, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na hapo ndipo nilipojua kwamba picha ya buibui hupatikana kwa kujua saa zake. Kamera hufuata baadaye.

Yule wa kahawia ni wa jamii ya Neoscona, buibui wa kawaida kabisa wa bustani. Mchana hujikunja kwenye jani la mlimao, huwezi kumtofautisha na kovu la tawi. Kwa siku nne nilitoka jioni baada ya saa kumi na mbili, nikaketi kwenye kigoda, tochi miguuni. Siku ya tatu nilimwona tangu mwanzo hadi mwisho, na naomba niieleze kazi yake kama nilivyoiona.

Alitoka jani lake giza lilipoanza kuingia. Akasimama ncha ya tawi, akainua tumbo juu, akatulia. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anaachia uzi upeperuke na upepo, uzi mmoja usioonekana ila ukiupiga tochi kwa ubavu. Upepo wa mlimani ukauchukua mpaka ukanasa kwenye nguzo ya kamba, kiasi cha mita moja na nusu. Akauvuta kwa miguu ya mbele kuupima kama umekaza, akavuka juu yake, akarudi, kila safari akiongeza uzi mwingine mpaka daraja likawa imara. Halafu akavusha uzi mwingine uliolegea, akaenda katikati yake, akajiachia kushuka chini, akaufunga kwenye tawi la chini. Likatokea umbo la herufi Y. Pale mikono mitatu ya Y inapokutana ndipo kitovu cha nyumba.

Kutoka hapo kasi ilibadilika. Alikwenda ukingoni na kurudi kitovuni, ukingoni na kurudi, kila mara akiacha mstari mmoja, na kila mstari aliuweka pale palipobaki wazi zaidi, upande huu kisha upande ule, mvuto usije ukaelemea upande mmoja. Hana macho ya kuona kazi hiyo gizani. Hupima kwa miguu. Mistari ilipotimia, akazunguka kutoka katikati kwenda nje kwa mizunguko michache mipana ya uzi mkavu. Nikadhani kazi imekwisha, na utando mwenyewe una matundu ya kupita nzi. Ile ilikuwa ngazi tu, kama jukwaa la miti analopandia mwashi.

Akafika ukingoni, akageuka. Sasa akaanza kurudi ndani, taratibu, akitandaza uzi wa kunasa, mzunguko uliobanana na mzunguko, mguu mmoja ukigusa mzunguko uliotangulia ili nafasi iwe ileile. Na kila alipofika kwenye uzi wa ngazi, aliukata na kuuondoa. Mwashi anabomoa jukwaa huku anapiga lipu. Tangu alipoweka kitovu mpaka alipoketi, kichwa chini, hazikutimia dakika arobaini na tano.

Lenzi ndogo ya kubandika kwenye simu, zile zinazouzwa na vibanio kama vya nguo, ilinionesha tofauti ya nyuzi hizo. Mistari inayotoka kitovuni ni mikavu na laini. Uzi wa mzunguko umetungwa vitone vya gundi, kimoja baada ya kingine, vimepangana kama shanga kwenye utunda. Buibui mwenyewe hukanyaga zaidi mistari mikavu, ndiyo maana hanasi nyumbani kwake.

Usiku wa manane nilitoka tena nikamkuta amefunga nondo wawili. Alfajiri nilipotoka kuswali utando ulikuwa haupo. Mwanzoni nilimlaumu paka. Siku iliyofuata niliwahi zaidi nikaushuhudia mwenyewe: anaukunja, anaula. Uzi ni protini, na buibui wengi wa aina hii hawaachi mali hiyo ipotee. Leo huila, kesho huitoa tena tumboni ikiwa uzi mpya. Ule utando wa asubuhi ya kwanza, wenye umande, ulikuwa bahati yangu tu. Alichelewa kuukunja.

Wengine uani wana tabia zao. Kwenye michongoma kuna wale wanaotanda mahema, Cyrtophora, utando uliolala kama kuba yenye nyuzi zilizosokotana juu yake. Huo hauna gundi, haubomolewi kila siku, na mahema hujengwa jirani jirani mpaka ua mzima ukawa kama kambi. Karibu na tangi la maji huwa kuna Argiope, mwenye mistari ya njano na nyeusi, ambaye hufuma alama nyeupe nene ya X katikati ya utando na kukaa juu yake, miguu miwili miwili pamoja, ikilingana na mikono ya ile X. Wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya kazi ya alama hiyo. Wapo wanaosema huvuta wadudu, wapo wanaosema huwaonya ndege wasiupasue utando. Mimi nimeona mara mbili ndege akikatisha ghafla mbele yake, lakini mara mbili si ushahidi. Mpige picha huyu kwanza kama unaanza. Ni mkubwa, hakimbii, anakaa mchana, na rangi zake hazihitaji fundi.

Kuna mmoja ambaye nisingemsamehe mwandishi kama angemwacha, naye hana utando kabisa wa kunasia. Ni yule mdogo wa ukutani, wa kijivu, hafiki hata sentimita moja, anayetembea kwa kushtukashtuka. Kwetu huyo ni Menemerus bivittatus, na kama una ukuta unaopigwa na jua, basi unaye. Ni wa ukoo wa buibui warukaji. Sogeza simu taratibu, na kabla hujaifikisha atageuka. Atageuza kichwa na kifua chake chote akutazame, macho mawili makubwa ya mbele kama taa za gari, mengine sita yamezunguka kichwa yakiangalia pande zote. Ukisogea kushoto atageuka kushoto. Buibui wengi huishi kwa mguso na mtetemo. Huyu huishi kwa kuona. Ndani ya yale macho mawili sehemu inayopokea picha husogea nyuma ya lenzi isiyosogea, ndiyo sababu ukimtazama kwa karibu jicho huonekana likibadilika, mara jeusi, mara la kijani. Akitaka kumrukia nzi, kwanza hugandisha uzi ukutani. Akikosa, hubaki akining'inia kwa uzi huo, akapanda tena.

Nilipomwonesha shangazi picha ya uso wake, alikaa kimya kitambo. "Ana uso," akasema. Ndiyo, ana uso. Na mtu akishaiona sura hiyo mara moja, mkono wake huwa mzito kuinua kandambili.

Ukoo huo wa warukaji una mmoja ambaye kila nyumba ya ukanda huu ingefaa imjue. Anaitwa Evarcha culicivora. Amepatikana Kenya na Uganda kuzunguka Ziwa Viktoria, na jina la kisayansi amepewa mwaka 2003. Mbita, ng'ambo ya Kenya, watafiti akina Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichunguza anachopenda kula, na mwaka 2005 wakatangaza matokeo: akipewa nafasi ya kuchagua, humchagua mbu jike aliyeshiba damu, akawaacha wengine. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu. Damu huipata ndani ya tumbo la mbu. Watoto wa buibui huyu huwatambua mbu wa Anofelesi, wanaobeba malaria, kwa namna wanavyotua wameinua makalio. Na utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionesha kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta zaidi kuliko ya soksi safi, maana panaponuka mtu ndipo penye mbu wa mtu. Hatoshi kuimaliza malaria, na asitokee wa kusema aache chandarua kwa sababu ana buibui ukutani. Lakini kiumbe mwenye urefu wa nusu sentimita anayemtambua adui yetu kwa mkao anastahili zaidi ya dawa ya kupulizia.

Kwa jumla, watafiti Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria mwaka 2017 kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na vidudu vingine kwa mwaka. Sehemu ya tani hizo ni nzi wa jikoni kwangu na mende wa stoo, ambao huliwa na yule buibui mkubwa bapa wa usiku anayewatia hofu wageni wetu, Heteropoda venatoria. Jike wake hubeba mayai chini ya kifua kwenye mfuko mviringo kama kitumbua. Nimepata picha yake moja tu nzuri, nyuma ya mlango wa stoo, na ilinigharimu majuma matatu.

Usiku ukitaka kuona ajabu bila lenzi yoyote, shika tochi usawa wa jicho lako, umulike nyasi. Utaona vimuli vidogo vya kijani vinang'aa chini kama vipande vya chupa. Fuata kimoja bila kukipoteza na utamkuta buibui wa ardhini wa ukoo wa Lycosidae, anakuangalia. Kama ni jike na bahati ni yako, mgongoni atakuwa amebeba watoto wake wote.

Sasa tahadhari, kwa sababu nina watoto na najua wasomaji wanao. Buibui walio wengi kabisa hawana madhara kwa mtu, na hawamng'ati asiyewabana. Yupo mmoja wa kujihadhari naye anayeishi karibu na nyumba zetu: Latrodectus geometricus, kahawia, mwenye tumbo la duara na alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo inayofanana na saa ya mchanga. Hutanda ovyo ovyo, bila duara, chini ya viti vya plastiki, kwenye ndoo zilizosahauliwa na kwenye matofali yaliyopangwa. Mtambue kwa mifuko yake ya mayai, vidonge vya duara vyenye miiba kama tunda la fenesi lililosinyaa. Kung'atwa naye kunauma, na mtoto aliyeng'atwa apelekwe hospitali. Kwa hiyo kanuni ya uani kwangu ni moja: tunaangalia kwa macho na kwa kamera, mkono hauingii palipo giza.

Kuhusu picha zenyewe nitasema niliyoyajaribu. Simu ya kawaida inatosha. Ielekeze sambamba na utando, isiinamie upande, kwa sababu kwa karibu hivyo kamera hushika sehemu nyembamba sana, na ukiinamisha utapata miguu minne safi na minne imeyeyuka. Bonyeza kioo pale alipo buibui na ushikilie mpaka simu ifunge hapo. Zuia pumzi. Kama upepo unavuma, subiri. Utando husita kati ya mvumo na mvumo, na kusita huko ndiko kwako. Flashi ya simu hutoa uso mweupe usio na sura, afadhali tochi ya pembeni iliyofunikwa karatasi nyeupe. Kwa mrukaji, lenga macho, mengine yote yakififia si neno.

Na usiguse kitu. Hili nimelijua kwa kuharibu. Mwaka juzi tawi la mlimao lilikuwa linaniziba nisimwone Argiope mmoja, nikalisogeza kidogo tu, kwa vidole viwili. Uzi mmoja wa kushikilia ukakatika na utando mzima ukajikunja kama mwavuli. Yule Argiope akapanda juu, akajificha, na kesho yake hakuwapo. Nilikuwa nimemfuata siku kumi na moja. Picha niliyoikosa ilinisikitisha, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa karibu kutaga. Tangu siku hiyo tawi likiziba, mimi ndiye ninayehama.

Picha zikipatikana zisibaki kwenye simu. Ipo programu ya bure iitwayo iNaturalist. Unaweka picha, mahali na tarehe, na watu wanaojua buibui, wengine mbali kabisa, wanakusaidia jina. Piga mgongo, piga tumbo kwa chini, piga uso kama anakubali, piga na utando wenyewe, maana mara nyingi utando ndio unaoamua ukoo. Orodha ya buibui wa dunia inayotunzwa katika makumbusho ya Bern, Uswisi, ilifika aina 50,000 Aprili 2022, na bado inaongezeka. Uluguru ninaouona nikiwa kwenye kigoda changu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye viumbe wasiopatikana kwingine popote duniani. Mtu wa Bigwa, wa Amani au wa Taita mwenye simu na subira anaweza kupiga picha ya kitu ambacho hakijawahi kupigwa.

Shangazi amesharudi Pangani. Buibui lake ameniachia, na kila akipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, huuliza habari za yule wa mlimao. Nikimwambia ametanda upya, husema, "Alhamdulillahi."

Jumamosi hii, msomaji, ufagio mrefu utakapotolewa, naomba uuweke kando mpaka saa mbili asubuhi. Toka uani saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa chini bado. Tafuta utando mmoja, tandaza kitambaa cheusi hatua moja nyuma yake, kisha uhesabu mistari inayotoka kitovuni. Jioni rudi palepale na kigoda. Anaanza baada ya Magharibi.